Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Filamu: Vita Vyetu Visiendelee Kuigizwa kwa Kubahatisha

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya filamu, ulinzi na turathi za kitaifa. Kwa Tume ya Filamu ya Kenya. Kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Na kwa Idara ya Nyaraka za Taifa.

KUH: USAHIHI KATIKA FILAMU ZA VITA

Waheshimiwa,

Mimi ni mshonaji wa mavazi ya filamu na michezo ya kuigiza, na karakana yangu iko Kariokor, hapa Nairobi. Ninawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu jambo ninalolilalamikia halikai katika ofisi moja. Leseni ya kupiga filamu iko kwa mmoja wenu, sare ziko kwa mwingine, mafaili yako kwa wa tatu, na mtu anayetaka kutengeneza filamu ya vita huzungushwa kati yenu mpaka fedha zake zinapungua, kisha anabuni kile alichoshindwa kukipata. Ombi langu ni kwamba mfanye ukweli uwe rahisi kupatikana kuliko uongo, kwa maana kwa sasa mambo yako kinyume.

Nianze na kitu ninachokijua kwa vidole. Mwelekezi huniletea mswada wenye askari wa Keya, yaani lile jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na kuniambia nishone "nguo za jeshi za zamani", na nikimuuliza ni za mwaka gani hunitazama kama mtu anayetafuta njia ya kumwongezea bei. Lakini askari wa Keya wa mwaka 1916, aliyekuwa akimfukuza kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, hafanani hata kidogo na askari wa Keya wa mwaka 1944 aliyekuwa akiteremka bonde la Kabaw huko Burma mvua ikimnyeshea usiku na mchana. Wa kwanza alivaa kaptura ya kaki, vitambaa vilivyozungushwa miguuni kutoka kifundoni hadi chini ya goti, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo, na mara nyingi alitembea peku. Wa pili alivaa nguo za kijani za msituni, buti, na kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Ukimvika huyu nguo za yule umeruka miaka 28, na mjukuu wa askari mmoja wapo, akiwa na picha ya babu yake ukutani, atakujua mara moja.

Picha za aina hiyo zimehifadhiwa pia kwa fedha za umma. Niliwahi kuomba katika ofisi moja kuziona, si kuzichapisha wala kuzinakili, kuziona tu na kuzipima kwa macho. Niliambiwa niandike barua, nikaandika. Nikaambiwa mwenye ufunguo yuko likizoni. Baadaye nikaambiwa barua yangu haionekani. Hatimaye nilikwenda Barabara ya Kenyatta, nikasimama mbele ya ile sanamu ya askari na mpagazi, nikachora nilichokiona huku wachuuzi wakinidhania ni mtu wa kanjo. Nilipata umbo la mkanda na mkunjo wa kaptura, lakini sanamu ya shaba haiwezi kumwambia fundi kitambaa kilikuwa cha rangi gani.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo ya fundi wa nguo ambayo mtazamaji hayatambui. Mtazamaji huyahisi hata pale asipoweza kuyaeleza. Wajerumani waliotengeneza Das Boot mwaka 1981, wakiongozwa na Wolfgang Petersen, walijenga ndani ya nyambizi kwa vipimo vyake halisi, wakawabana waigizaji na kamera humo humo, wakapiga filamu kwa kufuata mpangilio wa hadithi ili ndevu za waigizaji zikue kama za mabaharia waliokaa majini wiki baada ya wiki, na wakawazuia kuota jua ili nyuso zipauke. Filamu ile haihitaji hotuba ya kumweleza mtu kwamba maisha ya nyambizini yalikuwa ya dhiki, kwa sababu ndevu na jasho vimekwisha kusema. Nimeitazama pamoja na watu wasiojua neno moja la Kijerumani, wakifuatilia maandishi ya chini ya skrini kwa taabu, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kununua soda.

Mambo ya silaha nitayapita haraka, kwa kuwa yamekwisha kusemwa sana. Bunduki ya G3 ambayo Wakenya wote wameiona begani mwa askari ina magazini ya risasi 20, na ikifyatuliwa mfululizo magazini hiyo huisha kwa takriban sekunde mbili, ilhali kwenye filamu zetu hulia mpaka mhusika amalize kuwatukana maadui zake. Guruneti hutoa vumbi, moshi na vipande vya chuma. Lile pipa la moto mwekundu tunaloliona ni petroli. Na yeyote anayempa mpiganaji wa Maumau wa mwaka 1953 bunduki ya AK-47 amemnyima sifa yake halisi, kwa sababu wengi wa wapiganaji wale walibeba bunduki walizojitengenezea wenyewe kwa bomba la chuma, komeo la mlango na vipande vya mpira, silaha ambazo wakati mwingine zilimlipukia aliyezishika.

Hata hivyo, vifungo na bunduki vinaweza kuwa sahihi vyote na filamu ikabaki na pengo la kutisha. Black Hawk Down, iliyotoka mwaka 2001, inasimulia mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 ambamo wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa. Helikopta zake zilikuwa za kweli, zimetolewa na jeshi la Marekani pamoja na marubani wake, na ukiitazama kwa jicho la fundi hutapata pa kushika. Lakini mitaa ya Mogadishu ni mitaa ya Rabat na Salé nchini Morocco. Wasomali, ambao waliouawa kwao siku hizo wanahesabiwa kwa mamia, wanapita kwenye skrini kama wimbi la watu wasio na majina wala nyumba, na waigizaji wakuu waliopewa sehemu za Wasomali hawakuwa Wasomali. Majeshi ya Malaysia na Pakistan, yaliyoingia na magari ya deraya usiku kuwatoa Wamarekani waliozingirwa, yalipewa nafasi ndogo mno, mpaka Wamalaysia wakaamua kujisimulia wenyewe na kutoa filamu ya MALBATT: Misi Bakara mwaka 2023. Usahihi wa chuma ulikuwepo, usahihi wa watu ukakosekana, na kwa sisi tunaoishi na Wasomali kama majirani na wateja, huo wa pili ndio unaouma.

Nasi pia tumeigizwa hivyo. Eye in the Sky ya mwaka 2015 inahusu shambulio la ndege isiyo na rubani hapa Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, nayo ilipigwa Afrika Kusini. Kwa swali inaloliuliza, yaani ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuruhusu kombora lirushwe juu ya mtoto anayeuza mkate, ni filamu ya kuheshimiwa. Lakini Eastleigh yake ni mtaa ulio mikononi mwa wanamgambo wanaotembea na bunduki mchana kweupe, na mtu anayenunua vitambaa huko kila wiki, kama mimi, akipenya kati ya mikokoteni na maduka ya jumla yanayofunguliwa mapema, atautazama kama mtaa wa nchi asiyowahi kufika. Mnapopanga jinsi ya kuwavutia watengenezaji wa kigeni, naomba msihesabu fedha za hoteli peke yake. Filamu ikipigwa hapa, kuna dereva, fundi wa taa na mama wa chakula ambao watamwambia mwelekezi kwamba hapa kwetu hivyo sivyo, na baadhi ya waelekezi husikia.

Hapo pana mtego ambao ningependa Wizara ya Ulinzi iukwepe. Marekani ina ofisi maalumu ndani ya Wizara yake ya Ulinzi ambayo husoma mswada kabla ya kukopesha ndege au meli, na mwelekezi asiyekubali kurekebisha anachoambiwa huondoka mikono mitupu. Ndiyo maana helikopta huwa kamilifu na maswali huwa machache. Kwetu sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi, na katika jiji lililopitia shambulio la kigaidi la Westgate tarehe 21 Septemba 2013 na shambulio la Riverside tarehe 15 Januari 2019, siwezi kuibeza sababu ya katazo hilo. Ninachoomba ni utaratibu ulioandikwa: fomu moja, muda unaojulikana wa kujibiwa, afisa wa kuhesabu sare na bunduki za bandia zikitoka asubuhi na zikirudi jioni, na mwanajeshi mstaafu wa kumwelekeza mwigizaji jinsi ya kushika silaha, kupiga saluti na kulala kifudifudi risasi zinapopita. Mshauri huyo aseme kilivyokuwa, ila asipewe kalamu ya kufuta maneno ya mhusika kwa kuwa yanaiaibisha serikali.

Wenzetu wa Afrika Kaskazini na Magharibi wametutangulia katika hili, na hawakuwa na fedha nyingi kuliko sisi. Filamu ya Gillo Pontecorvo kuhusu mapigano ya Algiers, iliyotoka mwaka 1966, ilipigwa ndani ya Kasba yenyewe, mtaa wa kale wa mji huo, miaka michache tu baada ya uhuru wa 1962, wakazi wakiwa ndio waigizaji, na Yacef Saadi, aliyewaongoza wapiganaji mjini humo, akaigiza mhusika aliyefanana naye. Inaonekana kama picha za habari ilhali hakuna hata kipande kimoja cha habari ndani yake, na pamoja na kwamba Saadi alikuwa miongoni mwa watayarishaji, inaonyesha bomu la wapiganaji wenyewe likiua vijana waliokuwa wakila aiskrimu. Ousmane Sembène, ambaye aliwahi kuwa askari katika jeshi la Ufaransa, alishirikiana na Thierno Faty Sow kutoa Camp de Thiaroye mwaka 1988, kuhusu askari wa Kiafrika waliopigwa risasi na Wafaransa tarehe 1 Desemba 1944 kwa kudai malipo yao. Kisha mwaka 2006 ikaja Indigènes ya Rachid Bouchareb, juu ya askari wa Afrika Kaskazini walioikomboa Ufaransa. Malipo ya uzeeni ya askari kutoka makoloni yalikuwa yamegandishwa tangu 1959, na filamu ilipotoka serikali ya Jacques Chirac ikatangaza kuyapandisha. Sidhani wazee wale wangelipwa kama filamu ingewavalisha vyeo vya kubuni na kuwapeleka kwenye vita visivyo na tarehe, kwa sababu wa kwanza kuikosoa wangekuwa maafisa wa hazina.

Je, sisi tunayo hadithi ya aina hiyo? Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na torpedo za nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache, na watu 1,297 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nimewauliza vijana wa filamu ninaowashonea kama wamewahi kuisikia meli hiyo, na wengi wao hawajaisikia, ingawa kila mmoja anaweza kunichorea Titanic. Ile vita ya kwanza nayo, ambayo filamu za Ulaya huimaliza saa tano asubuhi tarehe 11 Novemba 1918, kwetu iliendelea kwa wiki mbili zaidi mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Waliokufa zaidi upande wetu walikuwa wapagazi, nao waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi, hivyo filamu ya kweli juu yao ingekuwa na mizigo mingi na milipuko michache. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao. Mwandishi wa mswada akitaka jina la mpagazi mmoja tu wa kweli, kijiji chake na siku aliyoandikwa kazini, anahitaji mtu wa kumfungulia sanduku la karatasi, na sanduku hilo, popote lilipo Kenya, liko chini ya mmoja wenu.

Naomba pia Tume ya Filamu izingatie lugha. Jeshi la Keya lilitumia Kiswahili kutoa amri, na maafisa wa Kiingereza walilazimika kujifunza. Kwa hiyo filamu ya Burma ambamo askari wa Kitui anamnong'oneza mwenzake wa Kakamega kwa Kiingereza cha shule ndani ya handaki imekosea kabla risasi ya kwanza haijalia, nami nimeshonea miswada ya namna hiyo, iliyoandikwa hivyo ili mfadhili aelewe. Fedha za umma zikitolewa kwa filamu ya vita, ziruhusu kila mhusika aseme lugha aliyoisema, na ziwe na fungu la kulipia maandishi ya chini ya skrini. Hilo halimfukuzi mtazamaji. Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 kuhusu basi lililoshambuliwa karibu na Mandera tarehe 21 Desemba 2015, ilipigwa Kenya, wahusika wakisema Kiswahili na Kisomali, ikafika mpaka kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Oscar. Na katika vibanda vya video vya Mathare na Kawangware, ambako vita vya dunia nzima husimuliwa kwa Kiswahili na madijei, watu hukaa saa nzima kwenye benchi la mbao bila kulalamika. Wale madijei nawapenda, ingawa mikononi mwao Mjapani na Mmarekani hutukanana kwa sauti ile ile.

Kuhusu Maumau nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa ndiyo vita vinavyoigizwa sana na kwa pupa. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Ndege za Harvard na baadaye ndege nzito za kudondosha mabomu za Lincoln zilishambulia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, hizo za Lincoln zikitumia uwanja wa Eastleigh ambao leo ni Kambi ya Wanahewa ya Moi, na katika filamu zetu ni nadra kuona ndege hata moja. Tarehe 24 Aprili 1954 jiji hili lilizingirwa na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Mafaili mengi ya miaka ile yalihamishwa kisiri hadi Hanslope Park, Uingereza, yakafichuliwa mwaka 2011 kupitia kesi ya wazee walioteswa, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mafaili hayo sasa yanasomwa London na mtu mwenye nauli ya ndege. Idara ya Nyaraka ikiyapata kwa nakala na kuyaweka wazi pale Moi Avenue, mwandishi wa Githurai ataweza kujua chakula cha kizuizini kilipimwa vipi na nani alitia saini. Lakini usahihi huo ukate pande zote mbili. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari, familia za waliosimama na serikali zilichomwa ndani ya nyumba zao, na kulipokucha wengine wengi wakauawa kwa kisasi. Filamu itakayoonyesha nusu moja ya usiku ule, yoyote iwayo, itakuwa imerudia kazi ya filamu za miaka ya 1950 zilizotuonyesha sisi kama wanyama wa msituni.

Linalobaki ndilo gumu, na nalielekeza kwa Wizara ya Ulinzi kwa heshima. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa alfajiri. Serikali haikutangaza idadi rasmi ya waliouawa. Siku moja mtu atatengeneza filamu ya El Adde. Asipokuwa Mkenya atakuwa mgeni, na kama hana idadi, majina wala ramani ya kambi, atachukua picha zilizosambazwa na washambuliaji wenyewe, kwa sababu wao hawakunyamaza. Hapo tutaandika malalamiko kwamba tumedhalilishwa. Ni afadhali wajane na walionusurika waruhusiwe kusimulia mapema, wakiwa hai na kumbukumbu zao zikiwa na tarehe, bila kuogopa kwamba kusema kutawagharimu malipo ya waume zao.

Kwa Bodi ya Uainishaji sina maombi mengi. Alama zenu za GE, PG, 16 na 18 humwambia mzazi kama filamu inamfaa mtoto wake, na siwaombi muongeze alama ya ukweli, kwa kuwa ningeiogopa bodi yoyote yenye mamlaka ya kuamua historia. Inatosha kumtaka mtengenezaji anayeandika kwamba filamu yake imetokana na matukio ya kweli aweke mwishoni maelezo mafupi ya wahusika aliowabuni na matukio aliyoyasogeza.

Naomba kila ofisi iliyotajwa hapo juu inijibu kwa maandishi kabla ya bajeti kusomwa mwezi Juni, ikieleza ni lipi kati ya haya inaweza kulitekeleza, kwa fomu gani na kwa ada gani. Hata jibu la kukataa litatufaa, ili wenzangu wajue mlango upi wasiupotezee nauli.

Wenu mwaminifu,

Mshonaji wa mavazi ya filamu,
Kariokor, Nairobi.